Mkulima Mmoja, Walaji Wengi: Nani Mlinzi wa Ardhi ya Mahongole?

Mkulima mmoja, walaji wengi, ndivyo wasemavyo Waswahili. Mithali hii aghalabu hutajwa kwa kumsifu mkulima, kana kwamba mtu akisha kusifiwa amekwisha kulipwa. Walakini ikitazamwa vema si sifa tu. Ni hesabu, na hesabu yenyewe ina aibu ndani yake. Upande mmoja yupo mtu mmoja na jembe lake, na mvua isiyo na hakika, na deni la mbegu, na udongo unaochoka. Upande wa pili upo umati wa vinywa visivyojua shamba lilipo, visivyojua mvua ya mwaka huu ilikuwaje, wala havipati hasara hata chembe shamba likiuzwa kesho, kwani chakula kitanunuliwa kwingine. Hasara yote ni ya mmoja, na shibe ni ya wengi. Mambo yaliyopangwa hivyo hayawezi kudumu, hata yakitungiwa sheria mia.

Hoja inayofuata yaweza kusemwa kwa maneno machache. Ardhi ya kilimo haihifadhiwi na hati peke yake, wala na uzio, wala na alama ya kilimo hai ibandikwayo juu ya bidhaa ziendazo ng'ambo. Mlinzi wake wa kweli ni mlaji aliyejifunga na shamba kwa ahadi: atoaye fedha yake kabla ya mavuno, akubaliye kula kidogo mwaka wa mvua haba na kula sana mwaka wa neema, na ajionaye amepotewa siku shamba linapouzwa. Bila ya mlaji wa namna hiyo, kila sifa itolewayo juu ya kilimo hai na uhifadhi wa ardhi ni hotuba.

Hapana haja ya kwenda mbali kuipima hoja hii. Mahongole ni kata iliyomo ndani ya Halmashauri ya Mji wa Makambako, mkoani Njombe. Makambako yenyewe ni njia panda. Hapo barabara itokayo Dar es Salaam kwenda Mbeya na Zambia hutoa tawi lielekealo Njombe na Songea, na hapo hupita reli ya TAZARA, ambayo ujenzi wake ulimalizika mwaka 1975. Nchi ni ya juu, yenye baridi, na watu wake hulima mahindi, maharage, viazi na alizeti. Maji ya nyanda hizi huteremka pande mbili, mengine kuelekea Usangu na Ruaha Mkuu, mengine kuelekea Ruhudji na Kilombero, kisha yote hukutana katika mto Rufiji. Kwa hiyo bonde likitendewa vibaya huku, habari zake hufika mpaka pwani.

Mashamba yaliyomo ndani ya mamlaka ya mji yana shida mbili kwa wakati mmoja. Mbele yake upo mji, nao wataka viwanja. Nyuma yake ipo tamaa ya miti na matunda ya kuuzwa mbali. Mikaratusi na mipaina imeenea juu ya vilima vya Njombe, na katika miaka ya karibuni maparachichi yamefuata. Na fedha ya watu wakaao mijini imepanda milima hiyo kutafuta mashamba ya kununua. Mkulima mwenye ekari tatu, mwenye mgonjwa hospitalini na mahindi yaliyokosa bei, akifikiwa na mnunuzi mwenye fedha mkononi, hana kimzuiacho kuuza ila moyo wake. Na moyo nao huchoka. Akisha kuuza aghalabu haendi mbali. Hubaki palepale, akipalilia miti ya mwenzake kwa ujira wa kutwa, na jioni hununua unga dukani.

Jambo hili lisidhaniwe kuwa ni ugonjwa mpya. Wakati wa Waingereza, Njombe ilihesabiwa na watawala kama ghala la vibarua. Vijana wa Kibena na jirani zao walichukuliwa kwenda mashamba ya mkonge, Tanga na kwingineko, wakaitwa manamba. Na nchi iliyokuwa na uwezo wa kuwalisha ikakosa zao la fedha, hata njaa ya fedha ikawasukuma njiani. Mwaka 1949 ikaanzishwa kampuni ya miwati, kwa mtaji wa shirika la Uingereza la maendeleo ya makoloni, nayo ikapanda miti karibu na Njombe kwa ajili ya magome yatumikayo kulainisha ngozi. Baada ya uhuru, kati ya mwaka 1973 na 1976, watu wa nchi nzima walihamishiwa katika vijiji vipya, wengi wao kwa amri, na wengine mbali na mashamba waliyokwisha kuyatia samadi. Mwaka 2010 ukatangazwa mpango wa ukanda wa kilimo wa kusini, SAGCOT, na Njombe ikawa ndani ya ramani yake. Nia za hao wote hazikuwa moja, na si haki kuwatia katika kapu moja. Lakini kila mmoja alipanga matumizi ya ardhi hii akiwa mbali nayo. Swali la mlaji aliye karibu halikuulizwa.

Lugha nayo imeshiriki katika dhuluma hiyo, na wasomi wa lugha hawana ruhusa ya kunyamaza. Shamba lililopumzishwa ili lirudishe nguvu zake huandikwa 'pori' katika taarifa, na pori hudhaniwa halina mwenyewe. Mtu ajaye na fedha ya mwaka mmoja huitwa 'mwekezaji'. Bali mama aliyemwaga samadi bondeni kwa miaka arobaini haitwi hivyo, ijapokuwa hapana aliyeweka zaidi yake. Hata neno 'kuhifadhi' limepunguzwa. Katika Kiswahili cha zamani, na mpaka leo madrasani, aliyehifadhi Kurani si aliyeifungia sandukuni, bali ni aliyeitia moyoni hata aweza kuisoma gizani. Siku hizi 'hifadhi' ni mahali penye mpaka na askari, ambapo mwenyeji akiingia ni mkosaji. Ardhi ya Mahongole yahitaji hifadhi ya maana ile ya kwanza: ijulikane kwa moyo, bonde kwa bonde, na watu walao mazao yake.

Hifadhi ya maana ya pili imekwisha kujaribiwa, na matokeo yake yamo katika historia. Huko Uluguru, katika miaka ya 1950, serikali ya kikoloni iliwalazimisha wakulima kukata matuta ya ngazi milimani. Kazi ikawa nyingi, mavuno hayakuongezeka, na mwaka 1955 hasira za watu zikageuka kuwa ghasia, mpango ukafa. Kusini ya Njombe, katika Umatengo, wakulima walikuwa na ngoro zao, yaani mashimo yaliyozungukwa na matuta juu ya mteremko, ambayo nyasi hufukiwa chini ya udongo wake na maji ya mvua hutulia ndani yake. Hapana Bwana Shauri aliyewaamrisha, nazo zimedumu vizazi na vizazi. Tofauti ya Uluguru na Umatengo si maarifa ya udongo tu. Ngoro ni mali ya anayezichimba, ilhali matuta yale yalikuwa mali ya ofisi.

Katika nyanda za Iringa na Njombe lipo jambo la jinsi hiyohiyo. Wenyeji hulima vinyungu, yaani bustani za matuta mabondeni, ambazo hutoa mahindi mabichi na mboga wakati wa kiangazi, milimani kukiwa kukavu. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Shabaha ni njema, kwani chemchemi ikifa kinyungu nacho kimekufa. Lakini mwenye kinyungu aambiwaye aondoke, pasipo kuonyeshwa chakula cha kiangazi kitatoka wapi, hujifunza jambo moja tu, kwamba maji ni mali ya serikali. Na akitazama mikaratusi ikinywa maji katika bonde lilelile, haoni sababu ya kuamini kuwa sheria ilimkusudia heri.

Wala wapenzi wa kilimo hai wasijidhani kuwa wako salama na kosa hilo. Mwaka 2021 serikali ya Sri Lanka ilipiga marufuku uingizaji wa mbolea za viwandani na dawa za mimea, nchi nzima, kwa mara moja. Mavuno ya mpunga yakaanguka, chai ikapungua, wakulima wakaandamana, na kabla ya mwaka kwisha marufuku ikaanza kuondolewa. Kilimo hai kwa amri ni matuta ya Uluguru yaliyovikwa kanzu ya kijani.

Tanzania haikufuata njia hiyo, na kwa hilo yastahili sifa. Shirika la kilimo hai, TOAM, liliundwa mwaka 2005. Mwaka 2007 nchi za Afrika Mashariki zikapatana juu ya kanuni moja na alama moja, Kilimohai. Na mwaka 2023 serikali ikazindua mkakati wa taifa wa kilimo ikolojia hai utakaofika mwaka 2030. Hayo yote ni mema. Lakini mtu akiuliza mazao yaliyopata cheti yalinunuliwa na nani, jibu la miaka mingi ni moja. Kahawa ya Kagera, pamba ya Meatu, kakao ya Kyela na viungo vya Unguja vilipata cheti kwa sababu mnunuzi wa ng'ambo alikitaka. Jasho likabaki huku, usafi ukaenda huko. Katika masoko ya nyumbani, kabichi iliyonyunyiziwa dawa jana na kabichi isiyojua dawa hulala juu ya gunia moja kwa bei moja. Katika hali hiyo, kumwambia mkulima aache dawa kwa ajili ya kuupenda udongo ni kumtaka afunge yeye ili mwingine apate thawabu.

Pengo hili watu wengine walikwisha kuliona. Nchini Japani, mwaka 1971, kiliundwa chama cha kilimo hai, na katika miaka ileile akina mama wa mijini, waliotishwa na sumu katika chakula cha watoto wao, walianza kupatana na wakulima pasipo mchuuzi katikati: mkulima alime bila sumu, nao wachukue avunacho. Utaratibu huo waitwa teikei, maana yake ushirikiano. Mwaka 1986 mashamba mawili ya Marekani, moja Massachusetts na moja New Hampshire, yalianza utaratibu unaofanana nao, kwa fikra zilizotoka Ulaya. Walaji hugawana gharama za shamba za mwaka mzima, kisha hugawana mavuno, yawe mengi au machache. Mlaji wa namna hiyo hanunui kabichi. Hununua fungu katika mwaka wa shamba, pamoja na mvua yake na wadudu wake.

Shamba lile la Massachusetts, liitwalo Indian Line, latoa funzo la pili lililo kubwa kuliko la kwanza. Mwenye ardhi, Robyn Van En, alifariki mwaka 1997, ndipo ilipoonekana kuwa ahadi ya walaji haikuwa na kauli juu ya ardhi yenyewe. Ardhi ilikuwa mali ya mtu, na katika nchi ile shamba lililo karibu na watu watafutao nyumba za mapumziko huweza kuuzwa kwa bei isiyolipika kwa viazi. Ikawapasa watu kuchanga. Mwaka 1999 amana ya ardhi ya jamii ya sehemu ile ikainunua ardhi, ikisaidiwa na shirika moja la kuhifadhi maumbile, na wakulima wakapangishwa kwa miaka 99 kwa sharti kwamba shamba libaki shamba. Kwa ufupi, Wamarekani wale waliwahi kuwa na walaji kabla ya kuwa na ardhi, na ilibidi ardhi wainunue.

Mtanzania hali yake ni kinyume cha hiyo. Haki waliyoinunua wale kwa michango, yeye alipewa bure. Mwaka 1958, serikali ya kikoloni ilipopendekeza umilki wa ardhi wa milele, Julius Nyerere aliandika kijitabu, Mali ya Taifa, akiupinga. Hoja yake ilikuwa kwamba ardhi ikifanywa bidhaa, masikini wataiuza kwa wachache wenye fedha, kisha watakuwa wapangaji katika nchi yao wenyewe. Mwaka 1963 umilki wa milele uliokuwapo ukageuzwa kuwa upangaji wa muda kutoka kwa serikali. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ikaiweka ardhi ya kijiji mikononi mwa Halmashauri ya Kijiji, iisimamie kama mdhamini kwa faida ya wanakijiji, na haki ya kimila haipasi kuhamishwa kwa mtu wa nje pasipo idhini yake. Amana ile ya Massachusetts na Halmashauri ya Kijiji ni ndugu, ila moja ilizaliwa kwa mchango na nyingine kwa sheria.

Mbona basi ardhi yatoka? Yatoka kwa milango miwili. Mlango wa kwanza ni mpaka wa mji. Eneo la kijiji likisha kutangazwa kuwa eneo la mipango miji, mamlaka ya kijiji juu ya ardhi huanza kuyeyuka, na lililoitwa shamba asubuhi huitwa kiwanja jioni. Mlango wa pili ni njaa ya fedha. Idhini huombwa bei ikiwa imekwisha kupatana, na mkutano huitwa ili kubariki lililokwisha kutendeka. Sheria humpa mdhamini funguo, lakini haimpi mtu wa kumdai hesabu. Na mdhamini asiyedaiwa hesabu hugeuka mwenye mali. Hapa ndipo mlaji anapokosekana. Lau kungekuwako watu mia tatu mjini Makambako ambao chakula chao cha mwaka hutoka katika bonde fulani la Mahongole, bonde hilo lisingeuzwa kimyakimya. Japani walipata walaji, Tanzania ikapata sheria. Kinachohitajiwa ni kuvikutanisha viwili hivyo chini ya paa moja. Jina lake laweza kuwa ubia wa jembe na chungu.

Chukuliwe mfano, ili jambo lisibaki hewani. Kaya sitini za Makambako, za walimu, wauguzi, madereva, wenye maduka na watumishi wa reli, zikikubali kutoa shilingi 25,000 kila mwezi, patapatikana shilingi 1,500,000 kwa mwezi na 18,000,000 kwa mwaka. Fedha hizo si sadaka. Ni bei ya mboga, maharage, viazi na unga ambavyo kaya hizo hununua sokoni vivyo hivyo. Kilichobadilika ni wakati wa kulipa na mtu wa kulipwa. Malipo yakianza kabla ya mbegu kuingia ardhini, wakulima kumi wa Mahongole wana shilingi 1,800,000 kila mmoja za kutegemea kwa mwaka, na hawana haja ya kuuza mahindi yangali mabua mabichi shambani. Kila juma kapu huteremka mjini. Wakati wa mvua huwa na mboga za majani na maharage mabichi. Baada ya mavuno huwa na viazi, unga na maharage makavu. Na wakati wa kiangazi vinyungu, vikilimwa kwa kuheshimu chemchemi, hutoa mahindi mabichi na kabichi.

Nao wakulima huahidi mambo matatu. Wataulisha udongo kwa samadi na mboji, na kubadilisha mazao, mikunde ikifuata mahindi. Watauacha ukanda wa chemchemi upumzike, na kupanda humo miti ya asili isiyokausha maji. Na hawataliuza shamba lililo ndani ya ubia pasipo walaji kuitwa kikaoni. Ukaguzi hauhitaji mtaalamu wa kutoka Ulaya, kwa kuwa utaratibu wa Kilimohai wawaruhusu wakulima na walaji kukaguana wenyewe kwa uthibitisho shirikishi. Kila shamba lichukuliwe hati ya hakimiliki ya kimila, na matumizi yake ya kilimo yaandikwe katika mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji. Fedha nazo ziandikwe na kusomwa mbele ya wote, maana mali bila daftari hupotea bila habari.

Wapinzani wapo, na hawastahili kudharauliwa. Wa kwanza husema kwamba samadi haitoshi, na kwamba mtu mwenye njaa hahubiriwi udongo. Ana haki katika nusu ya maneno yake. Udongo wa nyanda za Njombe una asili ya uchachu, nayo fosforasi hukwama ndani yake. Hapana hotuba iwezayo kuifungua. Lakini fosfati ya Minjingu, ambayo ni mwamba wa Tanzania uliosagwa, haikatazwi katika kilimo hai. Na baadhi ya mbolea za chumvichumvi zenye naitrojeni, zikitiwa miaka mingi pasipo chokaa wala mboji, huuzidisha uchachu uleule. Ni kweli kwamba mkulima aachaye mbolea ya kiwandani huweza kuona mavuno yakipungua miaka ya mwanzo. Ndiyo sababu ya ubia. Hasara ya miaka hiyo isibebwe na mkulima peke yake, bali igawanywe na wote watakaofaidi udongo ukisha kupona. Tena mwaka 2022 bei ya mbolea ilipanda duniani, na vita vya Ukraine vikaizidisha, hata serikali ikarudisha ruzuku. Serikali ilifanya vema. Lakini mahindi ya Mahongole yategemeayo utulivu wa Bahari Nyeusi yana mizizi mifupi.

Wa pili husema kwamba miti na maparachichi huleta fedha, na kwamba ni ukatili kumzuia masikini kuuza kilicho chake. Jibu ni kwamba hapana ugomvi na mti. Mkulima mwenye mistari ya miparachichi juu ya shamba lake, au miti ya mbao juu ya kilima chake kisichofaa mahindi, amefanya akiba njema kwa watoto wake, na ubia waweza kumpokea pamoja na miti yake. Ugomvi ni juu ya ardhi kuhama. Mti ulio mali ya mkulima ni akiba, bali mti ulio mali ya mtu wa mbali juu ya lililokuwa shamba lake ni jiwe la kaburi. Na huo uhuru wa kuuza utajwao kwa sauti kubwa hutumiwa zaidi siku ya ugonjwa na siku ya deni. Mtu auzaye kwa sababu hana la kufanya hakuchagua, ameshindwa. Anayeutaka uhuru wa mkulima kwa kweli na ampe kwanza uwezo wa kukataa.

Wa tatu husema kwamba hii ni Ujamaa iliyorudi kwa mlango wa nyuma. Huyu ajibiwe kwa historia ya jirani. Katika Songea, mwanzoni mwa miaka ya 1960, vijana wakiongozwa na Ntimbanjayo Millinga walianza kulima pamoja Litowa. Kutokana na kazi yao kikazaliwa Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, kilichounganisha vijiji vilivyojitawala vyenyewe kwa mikutano yao. Hapana aliyeletwa kwa lori. Mwaka 1969 chama hicho kilivunjwa na uongozi wa TANU, na baada ya miaka michache vijiji vya amri vikachukua nafasi ya vijiji vya hiari. Asemaye kwamba ushirika wa wakulima ulishindwa Tanzania aseme ni upi. Ulioshindwa ni ule wa amri. Ule wa hiari ulizuiwa ungali unatembea. Ubia wa jembe na chungu haumhamishi mtu, haumnyang'anyi shamba, wala haumlazimishi kulima na asiyempenda. Kila mmoja hubaki na shamba lake, na kinachochangwa ni hatari.

Wa nne husema kwamba chakula safi ni anasa ya wenye nafasi. Neno hili husemwa zaidi na wenye nafasi wenyewe. Anayepuliza dawa bila kinga mgongoni kwa mvuke wa mchana ni masikini. Anayekunywa maji ya kijito kilichopita chini ya shamba hilo ni masikini. Na ardhi ikichoka, wa kwanza kukosa chakula ni masikini. Anasa ni kuweza kula bila ya kujua.

Hapo ndipo wasomi wanapohusika, na shutuma ya mithali huwaangukia wao kuliko wengine. Katika walaji wengi, mwenye elimu ndiye alaye kwa upofu mkubwa. Aweza kueleza historia ya ardhi tangu Wajerumani hadi leo, na asijue viazi vilivyo katika sahani yake vililimwa na nani. Semina juu ya uhifadhi wa ardhi huweza kufungwa kwa chakula kilichonunuliwa kwa zabuni ya bei ya chini kabisa, na hapana aonaye kichekesho. Vyuo, shule za bweni na hospitali hulisha maelfu ya watu kila siku. Shule moja ya bweni ikifunga mkataba wa maharage na mahindi na wakulima wa kata moja, kwa mwaka mzima na kwa bei iliyokubaliwa kabla ya kupanda, italinda ekari nyingi kuliko makongamano kumi. Mahongole haina upungufu wa washauri. Ina upungufu wa walaji walioahidi.

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, yasema mithali nyingine. Mji umekuwa mgeni wa shamba kwa muda mrefu kuliko adabu iruhusuvyo. Jembe la mlaji si lazima liwe la mpini. Ni shilingi yake iliyotangulia mbegu, ni kikao chake pamoja na wakulima msimu kwa msimu, na ni sauti yake katika Baraza la Madiwani siku mpaka wa Mji wa Makambako utakapopimwa upya na mashamba ya Mahongole yatakapotajwa kwa jina la viwanja. Siku hiyo mkulima akisimama peke yake atashindwa, kama alivyoshindwa kila aliposimama peke yake. Walaji ni wengi. Na waende naye.